Kifafa cha Nini?

Shati lililofika kwa Dobi bila vifungo liliondoka na vifungo vyake vyote. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya biashara yao. Mama alifua na kupiga pasi. Binti yake alikaa kibarazani na cherehani, akashona palipochanika. Wateja walimwita mama Dobi na binti Fundi. Baada ya miaka mingi hata wao wenyewe waliitana hivyo kwa utani.

"Fundi, kola hii imekula chumvi nyingi," mama alisema asubuhi moja.

"Wewe ifue tu, Dobi. Nitaigeuza, itarudi ujanani."

Dobi alikuwa na miaka hamsini na minane. Kazi yake yote ilikuwa maji na moto: beseni, jiko la mkaa, pasi. Lakini alipokuwa mtoto alikatazwa vyote viwili. Shangazi yake, ambaye ndiye aliyemlea, hakumruhusu kuteka maji peke yake wala kukaa karibu na jiko. "Utaanguka," alimwambia. Siku mtoto alipouliza kwa nini aanguke, shangazi alifunga mlango kwanza, kisha akajibu kwa sauti ya chini.

"Mama yako alikufa kwa kifafa. Wewe ulikuwa mchanga. Ugonjwa huo uko kwenye damu. Usimwambie mtu, utakosa mume."

Basi akanyamaza. Miaka hamsini ni mingi kwa mtu kukaa akisubiri kuanguka. Akipata kizunguzungu kidogo tu, alijishika ukutani. Mume alimpata. Mtoto mmoja alimzaa, kisha akakata kauli kwamba huyo mmoja anatosha. Majirani walisema anajivuna. Wapi! Aliogopa tu kugawa kifafa.

Mimi simlaumu shangazi. Alitunza alichopewa, na alichopewa kilikuwa neno moja.

Mwaka ule Dobi alijiunga na kisomo cha watu wazima. Alichoka kutambua nguo za wateja kwa harufu, alisema. Baada ya miezi minane alikuwa anasoma vibandiko vyote vya nguo, tena kwa sauti, hata wateja wasipotaka. Siku moja mwalimu aliwapa kazi ya nyumbani. Kila mmoja aandike watu wa ukoo wake: jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, na sababu ya kifo.

Dobi aliandika baba yake: moyo. Akaandika shangazi yake: uzee. Fundi, aliyekuwa na mimba ya miezi minane, alichungulia daftari juu ya bega lake.

"Dobi, umeruka mstari wa bibi."

"Wino uliisha."

"Wino uliisha kwa bibi, ukarudi kwa shangazi?"

Dobi alitaka kuinuka akafunge mlango. Akakumbuka kwamba wako kibarazani. Akatazama barabarani, akaona hakuna mtu wa karibu, akamwambia binti yake yote, mpaka ile sauti ya chini ya shangazi.

Fundi aliacha kukanyaga cherehani. Mimba ile ilikuwa ya kwanza, na hasira zake siku hizo hazikuwa mbali.

"Mimba miezi minane! Ndiyo unaniambia leo?"

"Ningekuambia lini? Siku ya harusi, mbele ya mama mkwe wako?"

"Kliniki waliniuliza kama kwetu kuna ugonjwa wowote. Nikasema hapana. Kadi yangu imeandikwa hapana."

"Iache hivyo hivyo. Mama mkwe wako akisikia, itakuwa balaa."

"Atasikia nini? Hata sisi wenyewe hatujui kitu. Nani alikuambia ni kifafa?"

"Shangazi."

"Na shangazi alisikia wapi?"

Dobi alifikiri. Hakuwahi kujiuliza swali hilo. "Hospitali," alisema. "Mama alifia hospitali kubwa hapa mjini."

"Basi kesho twende hospitali kubwa."

"Wewe na miguu hiyo?"

Miguu ya Fundi ilikuwa imevimba. Kwa wiki nzima viatu vyake vilikataa kumwingia, akawa anavaa kandambili za mumewe. Alisema ni kwa ajili ya kukanyaga cherehani. Alikuwa na sare za shule za kumaliza, na kwa sababu ya sare hizo alikuwa amekosa tarehe yake ya kliniki iliyopita. Kichwa nacho kilimgonga tangu jana. Hilo hakulisema. Alidhani ni macho yamechoka kutunga uzi.

Kesho yake walikwenda. Chumba cha kumbukumbu kilikuwa nyuma kabisa, kupita mahali pa kufulia mashuka ya wagonjwa. Dobi alisimama, akayatazama mashuka kwenye kamba.

"Hawa wanasuuza mara moja tu," alisema kwa uchungu.

"Dobi, hatukuja kukagua mashuka. Twende."

Mtunza kumbukumbu alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Hospitali nzima ilimwita Miwani. Aliwapa fomu ya kujaza. Akaomba kitambulisho cha Dobi na cheti chake cha kuzaliwa. Dobi alikuwa amevileta vyote kwenye mfuko wa plastiki, vimekunjwa na kunyooshwa utadhani vimepigwa pasi. Huenda vilipigwa.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Mama yangu mzazi. Alifia hapa. Kwa kifafa." Neno la mwisho alilimeza nusu.

"Kifafa cha nini?" Miwani aliuliza.

"Kaka yangu, kifafa ni kifafa."

"Humu ndani, mama, hakuna neno ambalo ni lenyewe tu mpaka nilione limekaa wapi. Njoo nikuonyeshe."

Alishusha daftari kubwa la vifo. Jalada lilikuwa limeliwa pembeni na mende, lakini maandishi yalikuwa mazima. Akaweka kidole kwenye safu iliyoandikwa *Sababu ya kifo*.

"Soma hapa."

Dobi alisoma polepole. "Pe-po-pun-da."

"Enhe. Juzi alikuja kijana mmoja analia. Kwao wanaamini babu yao alichukuliwa na pepo, kwa sababu walisikia cheti chake kina pepo. Pepopunda ni ugonjwa wa kidonda. Uchafu unaingia kwenye jeraha, mwili unakakamaa. Siku hizi una chanjo. Hakuna pepo wala hakuna punda. Haya, na hapa?"

"Homa."

"Homa ya nini? Malaria, mapafu, au kidonda kilichooza? Zamani yote yaliandikwa homa. Na hapa?"

"Uzee," Dobi alisoma. Kisha akasoma safu ya umri, akashtuka. "Miaka arobaini na tisa!"

"Karani aliyeandika alikuwa na ishirini," Miwani alisema. "Kwake yeye huyo alikuwa mzee."

Fundi alicheka. Dobi, aliyekuwa na hamsini na minane, hakuona cha kuchekesha.

"Ninachotaka kusema ni hiki," Miwani aliendelea. "Karani wa zamani hakuwa daktari. Safu yenyewe nyembamba, hata neno refu halienei. Aliandika alichoambiwa au alichokiona kwa macho. Wewe leo unasoma neno lake kwa maana ya leo. Hapo ndipo watu wanapotea."

Akachukua cheti cha Dobi, akatazama mwaka, akaenda kwenye rafu na kurudi na daftari jingine. Alifunua kurasa taratibu, kidole kikishuka na majina. Kikasimama.

"Huyu hapa. Nikusomee?"

"Nitasoma mwenyewe," Dobi alisema.

Maandishi yalikuwa ya mkono, yamelalia upande mmoja. Alilipata jina la mama yake. Hakuwahi kuliona likiwa kati ya majina ya waliokufa. Akaruka moja kwa moja hadi kwenye sababu ya kifo.

"Ki-fa-fa."

Aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa umechoka ghafla.

"Basi. Shangazi hakusema uongo. Asante, kaka. Fundi, twende nyumbani."

"Mama, kaa," Miwani alisema. "Umesoma neno moja. Mstari una safu nane. Ungesoma barua namna hiyo, ungejua nini? Rudi mwanzo."

Dobi aliketi tena. Mimi nampenda kwa hilo. Mtu anayejua kusoma tangu utoto angeona aibu, angeondoka.

"Umri," alisoma. "Ishirini na miwili." Akasogeza kidole. "Jinsi, mwanamke. Wodi... wodi ya wazazi."

"Wodi ya wazazi wanalazwa akina nani?"

"Wanaojifungua."

"Haya. Tarehe ya kufa?"

"Kumi na tano, mwezi wa tatu."

Miwani akasogeza cheti cha kuzaliwa kando ya daftari. Dobi alitazama huku, akatazama kule. Kwenye cheti chake ilikuwa tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu, mwaka ule ule.

"Waliniambia nilikuwa mchanga," alisema. "Nilidhani miezi. Nilikuwa na siku moja!"

"Soma safu ya mwisho, mama. Maelezo. Hapa karani alijitahidi, aliandika hadi pembeni."

Macho ya Dobi yalikuwa yamejaa maji. Akamsukumia binti yake daftari. Fundi akasoma kwa sauti.

"Mimba ya kwanza. Amevimba uso na miguu. Kichwa kinauma siku mbili. Haoni vizuri. Degedege mara nne. Mtoto mwanamke, yu hai."

"Hicho ni kifafa cha mimba," Miwani alisema. "Ni ugonjwa mwingine kabisa. Karani aliandika neno la kwanza, maneno mawili ya mwisho hayakuenea. Mama yako hakuwa na kifafa cha siku zote. Ningekuwa..."

Hakumaliza. Fundi alikuwa hasikilizi. Alikuwa amerudisha kidole kwenye mstari, anausoma upya bila sauti. Amevimba uso na miguu. Kichwa kinauma siku mbili. Aliinua mkono wake akautazama. Pete ya ndoa ilikuwa imezama kwenye kidole.

"Mama," alisema, na safari hii hakumwita Dobi. "Kichwa kinaniuma tangu juzi jioni. Na maandishi haya, naona kama yana ukungu."

Miwani alivua miwani yake.

"Mimi nasoma madaftari, sisomi watu," alisema. "Mkunga yuko jengo la pili kushoto. Msipange foleni. Mwambieni mliyoyasoma hapa, kama yalivyo. Nendeni sasa hivi."

Dobi alimshika binti yake mkono. Walipita tena kwenye mashuka, na safari hii hakuyaona.

Mkunga alikuwa mwanamke mfupi wa maneno machache. Alimlaza Fundi kwenye kitanda cha wodi, akamfunga kitambaa cha kipimo kwenye mkono, akapampu, akasikiliza. Akapima mara ya pili. Akampa kikopo cha mkojo. Aliporudi na majibu alikuwa anatembea haraka.

"Dada, presha yako ni mia moja sitini na tano juu ya mia moja na kumi. Iko juu mno. Mkojo una protini. Huondoki leo. Kliniki ulikuja lini mara ya mwisho?"

"Nilikosa tarehe. Nilikuwa na sare za watu."

"Sare zitashonwa na mwingine. Kwenu kuna mtu aliyewahi kuwa na kifafa cha mimba? Au presha wakati wa ujauzito? Kadi imeandikwa hapana."

Fundi alimtazama mama yake. Wakati huo huo mlango ulifunguliwa. Aliingia mama mkwe wake, anahema, na kanga ya nyumbani. Jirani aliyewaona wakiingia kwa mkunga alikuwa amempigia simu. Huyu ndiye mtu ambaye Dobi alimficha jambo hili kuliko watu wote duniani.

Dobi angeweza kusema "sijui". Kilikuwa kitu chepesi, na mdomo wake ulikizoea. Alimtazama mkwe wake, akamtazama Fundi kitandani, akapiga moyo konde.

"Yuko," alisema kwa sauti ambayo hata wagonjwa wa vitanda vya mbali waliisikia. "Mama yangu mzazi. Alikufa kwa kifafa cha mimba, hapa hapa, siku ya pili baada ya kunizaa. Nimesoma mwenyewe."

Mkunga alifuta neno *hapana* kwenye kadi, akaandika. Daktari akaitwa. Fundi alipewa dawa ya kushusha presha, na sindano ya kuzuia degedege. Daktari aliamua kwamba mimba imefikisha wiki za kutosha, na mtoto azaliwe bila kusubiri.

Kule nje kwenye benchi, wakwe wawili walikaa wakisubiri. Mkunga alitoka kuchukua vifaa, Dobi akamzuia kwa swali moja.

"Sista, niambie kweli. Ni mimi niliyemuua mama yangu?"

Mkunga alikuwa na haraka, lakini aliketi.

"Hapana, mama. Ugonjwa huu unaletwa na mimba. Hauletwi na mtoto, wala na kosa la mtu. Mara nyingi huja baada ya mwezi wa tano, na wakati mwingine hata baada ya kujifungua. Presha inapanda kimyakimya. Dalili ni hizo ulizozisoma: kichwa kinachouma bila kupoa, macho kuona ukungu au nyotanyota, uso na mikono kuvimba, maumivu juu ya tumbo. Wengine hawana dalili yoyote. Ndiyo maana tunapima presha na mkojo kila kliniki. Zamani wengi walifika hapa degedege imeshaanza."

"Na ungekuwa kifafa kile kingine?"

"Kingekuwa ugonjwa wenye dawa. Hakiambukizi, na si aibu. Mwenye kifafa anaolewa, anazaa, anafanya kazi. Kilichokuumiza wewe miaka yote si ugonjwa, mama. Ni kunyamaza. Na mwambie binti yako: akishika mimba nyingine, aje mapema na aseme haya siku ya kwanza. Aliyewahi kuupata, au ambaye ndugu zake waliupata, tunamwangalia kwa karibu zaidi."

Mkunga alipoondoka, Dobi alisubiri maneno ya mkwe wake. Alijiandaa kwa lolote. Mama mkwe alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kanga.

"Dada yangu wa kwanza," alisema hatimaye. "Alivimba hivyo hivyo. Akatetemeka, akafa na mtoto tumboni. Sisi tulisema karogwa. Tukagombana na nyumba ya jirani mpaka leo hatusalimiani." Akafuta pua. "Mkwe, unadhani na yeye ameandikwa humo kwenye madaftari?"

"Tutakwenda kuuliza," Dobi alisema. "Nitakusomea mimi."

Mtoto alizaliwa kesho yake saa nne asubuhi. Alikuwa msichana, kilo mbili na robo, na sauti kubwa kuliko umbo lake. Fundi alibaki wodini siku tano, kwa sababu hatari ya degedege haiishi mara tu mtoto anapotoka. Kila baada ya saa chache walimpima. Siku ya tatu presha ilianza kushuka. Pete ikazunguka tena kidoleni. Alianza kuuliza habari za sare, na mumewe akamwambia akizitaja tena atamfichia uzi.

Siku ya nne Dobi alikaa pembeni ya kitanda amempakata mjukuu. Fundi alikuwa anamtazama. Alimwona mama yake anahesabu kitu kwa vidole, pale juu ya nguo ya mtoto.

"Unahesabu nini?"

"Miaka. Wewe una ishirini na saba."

"Ndiyo."

"Mama yangu alikuwa na ishirini na miwili." Dobi alimvuta mjukuu karibu zaidi. "Siku zote nilimwona mtu mzima. Mwanamke mkubwa wa kutisha, ananisubiri mbele na ugonjwa wake. Nilikuwa namwogopa, mwanangu. Miaka yote hii nilimwogopa, sikuwahi kumlilia hata siku moja."

"Mlilie sasa, mama."

"Kichwa kilimuuma siku mbili," Dobi alisema. "Hakuwa na wa kumwambia twende. Mdogo kuliko wewe. Mtoto wa watu."

Akamlilia hapo hapo, kwa sauti, mjukuu wake kifuani. Mkunga alipita, akaona, akavuta pazia taratibu, akaendelea kupima wengine.